Slashdot, Digg, Reddit, Hacker News: ukimaliza kutengeneza kitu chako ukipeleke wapi watu wakione?

Wadau, swali linaloulizwa sana kwenye magrupu ya madivelopa ni hili: nimemaliza apu yangu, au nimeandika makala ya kiufundi, au nina programu huria nataka watu waitumie, sa niipeleke wapi ionekane? Majibu huwa ni yaleyale, weka Reddit, weka Hacker News, tafuta TechCrunch (gazeti la mtandaoni la habari za kampuni changa za teknolojia) wakuandike, kana kwamba zote ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja hata kidogo. Kila moja ina watu wake, ina namna yake ya kuamua nini kipandishwe ukurasa wa mbele, na hiyo namna ya kuamua ndo inayoamua ni watu gani watakuja kwako, watakaa dakika ngapi, watasema nini na wangapi watarudi kesho. Watu wanaangalia ukubwa wa trafiki tu, mimi nasema angalia kwanza nani anashika ufunguo wa ukurasa wa mbele, mengine yote yanafuata hapo.

Naanza na Slashdot, saiti ya habari za teknolojia, kwa sababu ndo mama wa hizi zote, na vijana wengi wa sa hizi hata hawajawahi kuifungua. Ilianzishwa 1997 na Rob Malda akiwa bado mwanafunzi kwenye mji mdogo wa Holland, jimbo la Michigan, akisaidiana na mwenzake Jeff Bates. Utaratibu ulikuwa rahisi, wasomaji wanatuma linki na maelezo mafupi, wahariri wachache wanachagua, zinatoka habari kadhaa kwa siku basi. Yaani ufunguo uko kwa wahariri, hakuna kura kwenye habari. Sasa kwa sababu habari ni chache na wasomaji ni wengi, wote wanabofya linki ileile ndani ya saa zilezile, na hapo ndo likazaliwa jina maarufu, athari ya Slashdot. Saiti ya chuo, ya mtu binafsi, ya kampuni ndogo, ikiwekwa linki pale inazidiwa inaanguka. Tayari mwaka 1999 kulikuwa na mtu, Stephen Adler, ameshaandika uchambuzi wa trafiki iliyompata baada ya makala zake kuwekwa linki, na umbo la grafu yake ndo hilohilo tunaloliona mpaka leo: inapanda wima, inakaa juu masaa machache, halafu inashuka taratibu.

Lakini kitu ambacho Slashdot walifanya na mpaka leo sijaona wa kuwafikia ni upande wa komenti. Kila komenti ina alama kuanzia -1 hadi 5. Sio kila mtu anapiga kura, mfumo unachagua wasomaji wa kawaida wenye rekodi nzuri kwa bahati nasibu unawapa pointi 5 za kutumia, usipozitumia ndani ya siku 3 zinaisha, na ukishakomenti kwenye mjadala huruhusiwi kugawa alama kwenye mjadala huohuo. Halafu hautoi alama tupu, unataja sababu, kwamba hii komenti ina taarifa, hii ina maono, hii inachekesha, hii ni ya uchokozi. Na juu yake kuna wengine wanawapima waliopima. Msomaji anajiwekea mwenyewe, mimi nioneshe kuanzia alama 3 kwenda juu, na mjadala wa komenti mia saba unasomeka kwa dakika kumi. Matokeo yake ni kwamba watu walikuwa wanaenda Slashdot kusoma komenti kuliko kusoma habari yenyewe, na mwaka 2000 Microsoft waliwataka Slashdot wafute komenti za watu zilizokuwa na maelezo ya toleo lao la Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa watumiaji kwenye mtandao), ikawa gumzo la mtandao mzima. Jamii iliyojengwa hivyo ina uzito. Septemba 11 mwaka 2001 saiti kubwa za habari zilizidiwa zikawa hazifunguki, Slashdot ikabaki hewani watu wanapeana taarifa pale.

Leo Slashdot ipo lakini sio ile. Malda aliondoka 2011, saiti ikauzwa kwa kampuni ya Dice 2012, 2014 wakajaribu kulazimisha muonekano mpya na wasomaji wakagoma, 2016 ikauzwa tena. Kwa mtu anayetaka kuchagua mwaka huu, nasema wazi, usiitegemee kwa trafiki. Ila kama kazi yako ni Linux, usalama wa kompyuta, haki za watumiaji, bado kuna wazee wa kazi pale, watu wameshika seva tangu enzi za modemu, na mmoja wao akikukomentia vizuri umepata mwalimu.

Digg ndo kinyume chake kabisa. Desemba 2004, Kevin Rose na wenzake, wakasema wahariri wa nini, acha watu wapige kura. Ufunguo ukahamia kwa umati. Na umati una haraka, unapenda kichwa cha habari, unapenda picha, orodha ya vitu kumi, kitu cha kushangaza kuhusu Apple. Kama Slashdot ilileta wasomaji waliokuja na maswali, Digg ilileta mafuriko ya watu wanaoangalia sekunde chache wanaondoka. Kwa upande wa seva ilikuwa balaa zaidi, maana angalau kwa mhariri unaweza kupewa taarifa mapema, kwa kura hujui, umelala unaamka saiti imelala na wewe. Ndo kipindi ambacho mwaka 2007 ikatoka ile plagini ya kashe ya WordPress, yaani inayotunza nakala ya ukurasa iliyokwisha kuandaliwa, WP Super Cache, na watu wengi waliiweka kwa ajili ya kuhimili siku ya Digg.

Na umati ukipewa ufunguo unaamini nyumba ni yake. Mei 1, 2007, Digg walianza kufuta posti zenye ile namba ya siri ya kufungulia diski za HD DVD, baada ya kupokea barua ya mawakili. Watu wakaijaza saiti nzima kwa namba hiyohiyo, ukurasa wa mbele wote, mpaka usiku Kevin Rose akasalimu amri akasema hatufuti tena. Nakumbusha hili kwa sababu linaeleza kilichokuja miaka mitatu baadaye. Agosti 2010 walitoa toleo la nne, wakaondoa kitufe cha kuzika posti mbovu, wakaruhusu makampuni ya habari kuingiza makala zao moja kwa moja bila mtu kuzileta, yaani walichukua ufunguo kwa watumiaji wakawapa wachapishaji. Watumiaji wakajibu kwa kuupandisha Reddit kwenye ukurasa wa mbele wa Digg. Linki za Reddit zimejaa Digg! Wakahama kwa makundi, na Julai 2012 jina na saiti vikauzwa kwa kampuni ya Betaworks kwa pesa iliyoripotiwa kuwa kama dola 500,000, Digg hiyohiyo ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inatajwa kwa mamilioni mengi. Machi 2025 Kevin Rose akatangaza kuinunua tena akishirikiana na Alexis Ohanian, ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa Reddit, hasimu wake wa zamani. Kwa anayechagua leo Digg sio jibu, ila kisa chake kina faida moja kubwa: ukijenga biashara inayotegemea trafiki ya saiti moja, siku wenye saiti wakibadilisha kanuni wewe ndo unaumia. Kulikuwa na blogu zilizoishi kwa Digg tu na zilikauka nayo.

Sasa Reddit, saiti ya linki na mijadala inayopigiwa kura. Juni 2005, Steve Huffman na huyo Ohanian, wametoka chuo kikuu cha Virginia, kundi la kwanza kabisa la Y Combinator, kampuni inayowekeza na kulea kampuni changa. Mwanzoni hapakuwa na watu, Huffman amesema mwenyewe walikuwa wanaposti wenyewe kwa akaunti za kubuni, na walichagua kuposti vitu ambavyo wao wangependa kuvisoma ili wanaokuja wakute hali fulani. Hilo ni somo zuri sana kwa yeyote anayejenga jamii yake, watu wa mwanzo ndo wanaoweka tabia ya mahali. Condé Nast, kampuni ya magazeti, wakainunua Oktoba 2006. Ila kilichoibadilisha kweli ni 2008 waliporuhusu mtu yeyote kufungua jukwaa dogo lake. Hapo ufunguo ukagawanywa vipande maelfu, kila jukwaa lina mamoda (wasimamizi) wake wa kujitolea na sheria zake, kura zinapandisha lakini moda anaweza kukufuta hata ukiwa na kura mia tisa.

Hesabu ya Reddit ni muhimu uijue kwa sababu inakwambia lini uposti. Msimbo wa programu yao (code) ulikuwa wazi kwa wote tangu 2008 hadi 2017, na ulionesha kwamba kura zinapimwa kwa logi ya hesabu (logariti), kura 10 za kwanza zina uzito sawa na 90 zinazofuata, na posti mpya inapata faida ya muda, posti iliyoitangulia kwa masaa 12 na nusu inahitaji kura mara kumi kulingana nayo. Sijui una picha? Yaani dakika thelathini za mwanzo zinabeba kila kitu. Ukiposti muda ambao watu wa jukwaa hilo wamelala, kura 10 za kwanza hazifiki, umekwisha, hata kama kazi ni nzuri kiasi gani.

Faida ya Reddit ni kwamba unaweza kupata watu hasa wa kitu chako. Umetengeneza programu ya kuhifadhi picha kwenye seva ya nyumbani, kuna r/selfhosted. Ni ya kujifunza Kiswahili, kuna r/swahili. Ni kwa watu wa Nairobi, r/Kenya ina watu wengi na wana maneno. Trafiki ya jukwaa dogo ni ndogo lakini watu wanabaki. Hasara yake ni kwamba Reddit wana pua kali kwa anayejitangaza, kuna kanuni ya zamani ambayo majukwaa mengi bado yanaitumia kwamba katika kila posti kumi zako moja tu ndo iwe ya kwako mwenyewe, kwahiyo akaunti iliyofunguliwa jana ikaja na linki ya apu inafutwa bila salamu. Lazima ukae pale miezi, ujibu maswali ya watu, uwe mtu wa mtaani. Mimi naona ni haki kabisa.

Na kuna kitu cha pili kuhusu Reddit ambacho watu hawakipi uzito: Google. Mjadala wa Reddit unabaki kwenye matokeo ya utafutaji miaka na miaka. Juni 2023 maelfu ya majukwaa yalipofungwa kwa mgomo wa bei za API (njia ya programu za watu wengine kuchota data ya Reddit), watu duniani kote waligundua kwamba nusu ya majibu wanayotafuta Google yalikuwa yamelala mle, wanabofya wanakuta pamefungwa. Reddit walishinda ule mgomo, apu za watu wengine za kusomea Reddit kama Apollo zikafungwa, na Machi 2024 wakaingia soko la hisa la New York, na mwezi mmoja kabla walikuwa wametangaza mkataba na Google kuhusu kutumia maandishi yao kufundishia mashine. Kwahiyo komenti nzuri unayoandika pale leo ukieleza tatizo fulani na kutaja kazi yako kwa uwazi inaweza kuleta mtu mmojammoja kila siku kwa miaka mitano, na kwa biashara ndogo hao wana maana kuliko elfu ishirini wa siku moja.

Hacker News (HN), saiti ya linki za teknolojia, ndo ile ambayo naulizwa zaidi kwa sababu ina jina la kutisha. Paul Graham wa Y Combinator aliianza Februari 2007, mwanzoni ikiitwa Startup News, miezi michache baadaye ikabadilishwa jina. Muonekano haujabadilika, maandishi madogo, mstari wa rangi ya chungwa juu, habari 30 kwa ukurasa. Ufunguo uko sehemu tatu kwa pamoja: kura za watu, fomula inayosukuma chini vitu vya zamani haraka sana, na mamoda wa kulipwa ambao wanashusha na kupandisha kwa mkono. Fomula iliyowahi kuchapishwa inachukua kura ukitoa moja, inagawa kwa umri wa posti kwa masaa ukiongeza mbili, umri huo umepandishwa kwa kipeo cha 1.8. Maana yake hata posti kali kiasi gani inashuka ndani ya siku. Na mjadala ukiwa na komenti nyingi kuliko kura, mfumo unahisi ni ugomvi unaushusha. Ndo maana pale siasa na matusi havikai sana, sio kwamba watu wake ni malaika, ni namna nyumba ilivyojengwa.

Kitu kizuri cha HN kwa mtu wa mbali asiyejulikana ni Show HN, sehemu ya kuonesha kitu ulichotengeneza mwenyewe, na kile kikapu cha mamoda cha kuzirudisha tena posti nzuri zilizopita bila kuonekana. Hujulikani, huna wafuasi, huna pesa ya matangazo, kazi yako ikiwa nzuri kuna mlango. Masharti yake ni haya, kitu kiwe kinajaribika papo hapo, kichwa cha posti kisiwe na mbwembwe, na usiombe watu wakupigie kura, kabisa. Naona vijana wanaposti HN halafu wanatupa linki kwenye grupu la WhatsApp, jamani naombeni kura. Mfumo unaona akaunti ishirini mpya zimetoka kwenye linki ya moja kwa moja zimepiga kura dakika moja, unazifuta zote na posti inazama. Tafadhali msifanye hivo, mnaharibu kazi yenu wenyewe.

Komenti za HN zinachoma. Na hapa kuna mfano mmoja ambao nauona ni bora kuliko nadharia zote kwa sababu kampuni ileile ilipita kwenye saiti tatu tofauti na ikapata vitu vitatu tofauti, nayo ni Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Aprili 2007 mwanzilishi wake Drew Houston aliweka video ya Dropbox kwenye Hacker News, ikiwa bado changa kabisa, na alikuwa anataka hasa Paul Graham aione. Moja ya komenti ikawa maarufu mpaka leo, mtu anaeleza kwamba mtumiaji wa Linux anaweza kujitengenezea kitu kama hicho kwa urahisi tu, akaunti ya FTP (ya kuhamishia mafaili), unaunganisha na folda, unaweka mfumo wa kutunza matoleo. Watu wanamcheka huyo mtu lakini mimi sioni cha kucheka, aliuliza maswali ya kweli kwa adabu na Houston alimjibu kwa adabu. Alichopata Houston pale sio wateja, alipata maswali ya kujiandaa nayo, na akaingia Y Combinator kiangazi hicho. Machi 2008 akatengeneza video nyingine akaipeleka Digg, safari hii ameificha ndani yake mizaha ambayo watu wa Digg tu wangeielewa, ikiwemo ile namba ya HD DVD. Kwa usiku mmoja orodha ya wanaosubiri ikatoka watu 5,000 ikafika 75,000. Halafu Septemba 2008 akazindua rasmi kwenye jukwaa la TechCrunch50, mkutano wa TechCrunch wa kuzindua kampuni changa, hapo akapata magazeti na wawekezaji wanaomjua kwa jina.

Mtu yuleyule, bidhaa ileile. HN wakampa ukosoaji na mlango wa pesa, Digg wakampa namba, TechCrunch wakampa heshima ya kikazi. Na alipeleka kila mahali kitu tofauti kwa lugha ya pale, hakunakili posti moja akaibandika kote. Ila cha kukizingatia zaidi ni kilichofuata: Septemba 2008 walikuwa na watumiaji kama 100,000, Januari 2010 wakafika 4,000,000, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitoka kwa watumiaji kualikana wenyewe kwa kupewa nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili. Saiti za habari zilileta wa kwanza, waliobaki waliletwa na waliokuja.

TechCrunch sitaisema sana. Michael Arrington aliianza Juni 2005, AOL wakainunua 2010, na ufunguo pale uko kwa mwandishi, haupigiwi kura. Wanaandika habari za pesa, nani kachangiwa kiasi gani, nani kanunuliwa. Kama hujachangiwa pesa wala huna kitu kikubwa sana, barua pepe yako inapotea tu. Mei 2006 mwekezaji Josh Kopelman aliandika maneno ambayo bado ni kweli, namba 53,651 ilikuwa idadi ya waliojiandikisha kuisoma TechCrunch wakati huo, akauliza kampuni ngapi zinajengwa kuwafurahisha hao 53,651 tu halafu zinashangaa mbona watu wa kawaida hawaji. Product Hunt ya Ryan Hoover, saiti ya kuonesha bidhaa mpya kila siku, tangu 2013, nayo ina hali hiyohiyo, wanaokuja wengi ni watengenezaji wenzako wanaozunguka kuangalia vipya, ni nzuri kwa siku moja na kwa kupata maoni ya muonekano. Siku yao inaanza usiku wa manane saa za California, kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano kipindi chao cha baridi, kwahiyo huhitaji kukesha.

Kwa HN na Reddit za Wamarekani, asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, saa kumi na moja kipindi chao cha baridi. Posti muda huo halafu usiende popote mpaka usiku wa manane. Kaa ujibu kila swali. Mwenye kazi akionekana anajibu mwenyewe, mjadala unakaa vizuri na watu wanarudi, asipoonekana komenti ya kwanza yenye sumu inashika usukani.

Seva sasa, maana hapa ndo watu wetu wengi wanaanguka. Hostingi ya pamoja ya bei rahisi ni kama duka la mtaani lililozoea wateja watano kwa saa, basi zima likishusha watu mlangoni hakuna anayepata huduma. Kinachoua mara nyingi sio bando, ni kwamba kila mgeni anaamsha PHP (programu inayotengeneza ukurasa), PHP inaenda kuuliza MySQL (hifadhidata) maswali thelathini, wageni mia tatu kwa pamoja kumbukumbu ya seva imejaa. Dawa ni ukurasa huo mmoja uwe faili tupu la HTML lililokwisha kupikwa, picha zipunguzwe, na mbele yake uweke CDN, yaani mtandao wa seva zinazotunza nakala za ukurasa wako karibu na wasomaji. Zamani, tangu 2004, watu wa Slashdot walikuwa wanaongeza .nyud.net mwisho wa jina la saiti ili wapitie Coral, mtandao wa kashe wa watafiti wa chuo kikuu cha New York, kumwonea huruma mwenye saiti. Leo Cloudflare, ambao wenyewe walizindulia huduma yao kwenye TechCrunch Disrupt Septemba 2010, wana mpango wa bure na wana vituo Dar, Nairobi, Mombasa na Kigali. Hakuna sababu ya makala moja kuangusha saiti yako. Na usishangae ukiangalia takwimu zako zikaonesha wageni wachache kuliko logi za seva (daftari la seva la kila aliyeingia), wasomaji wa hizi saiti wengi wanatumia programu za kuzuia matangazo na zile zinazuia na kipimo chako, kwahiyo amini logi.

Halafu kuna swali ambalo mtu anatakiwa ajiulize kabla ya yote haya: mtu wa kitu chako yuko wapi? Kama apu yako inataka namba ya simu ya +255 na malipo kwa M-Pesa, Mmarekani wa HN hawezi hata kuifungua, atabofya, atakwama kwenye fomu, ataondoka, na kwa masharti ya Show HN utakuwa umekosea maana haijaribiki. Hiyo peleka JamiiForums, ipo tangu 2006 na watu wake wanauliza swali moja la maana, inanisaidia nini na inagharimu shilingi ngapi. Trafiki yake ni ya Kiswahili, ya simu, watu wanaolipa bando kwa MB, kwahiyo ukurasa wa megabaiti nne umewafukuza. Ujue tu kwamba na yenyewe ina hatari zake, Juni 2018 ilizimwa kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, kwahiyo usiifanye mguu wako pekee.

Ningekuwa nakushauri wewe uliyeniuliza, hivi ndo ningepanga. Una programu huria au makala ya kiufundi yenye jasho la kweli, mfano ulivyofanya data ipite kwenye mtandao wa 2G bila kupotea, Hacker News kwanza, andika kwa Kiingereza kilichonyooka, eleza kilichokushinda na kilichofanya kazi, hao watu wanapenda tatizo gumu lililoelezwa vizuri kuliko bidhaa inayong'aa. Una bidhaa ya kundi fulani la watu duniani, wapiga picha, wafugaji nyuki, walimu, tafuta jukwaa lao la Reddit ukae nao kwanza. Unatafuta pesa za wawekezaji, TechCrunch baada ya kuzipata za kwanza sio kabla. Una kitu cha nyumbani kwa watu wa nyumbani, JamiiForums, r/Kenya, magrupu ya wafanyabiashara wenyewe, na acha kabisa kuhesabu kura za Wamarekani. Na popote utakapoenda, siku hiyo weka kisanduku cha barua pepe kinachoonekana juu ya ukurasa, mtu aache anwani yake kwa kubofya mara moja, maana ukurasa wa mbele utashuka kesho asubuhi na zile anwani ndo utakazobaki nazo mkononi.